Mtani Aliyenigonga

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na miwili, mke na watoto wanne. Naishi Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe. Nilikuwa nauza asali kwa baiskeli. Nasema nilikuwa...

Asubuhi moja nikiwa pembezoni kabisa mwa lami, gari dogo lilinigonga kwa nyuma na kunirusha mtaroni. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Dereva alikuwa akitazama simu. Alikiri mwenyewe pale pale.

Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi. Uso wake ukachangamka.

"Mimi Mzaramo. Kumbe nimegonga mtumwa wangu mwenyewe! Na asali yako imenichafulia gari."

Nikacheka, mguu ukiwa umepinda. Ningefanyaje? Sisi na Wazaramo tumetaniana tangu babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani. Mtani hakasirikiwi. Ndivyo nilivyolelewa.

Wodini alikuja kila siku na uji na matusi yake. "Mguu wa huyu mkiukata nipeni, ni mali yangu," aliwaambia wauguzi, na wagonjwa wote wakampenda.

Siku ya askari kuchukua maelezo, mtani alitangulia. Akaninong'oneza kwamba leseni yake ndiyo ugali wa wanawe. Nikisema niliingia barabarani ghafla, yataisha kiutani, na matibabu yangu atayabeba yeye.

Mke wangu alisikia. "Baba Kulwa, utani ni wa msibani, si wa polisi."

Nikamwambia aniachie mambo ya watani. Nikasema uongo, nikautia saini. Kesho yake uji haukuja... wala mtani mwenyewe.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Baiskeli siiwezi tena. Nikaanza kusoma sheria, nikajua kwamba gari lile lilikuwa na bima ya kufidia watu kama mimi. Nikapeleka vyeti vyote vya hospitali. Ofisa wa bima akanisomea maelezo yangu, akauliza kama saini ni yangu. Ni yangu. Nikaenda kituoni kuomba yabadilishwe. Askari akataka kujua niliongopa lini, siku ile au leo?

Nikampigia mtani aje aseme kweli.

"Mtani, ukifa nitakuja kuzika," akanijibu, akakata simu.

Alikuja kuzika kweli, lakini kwa jirani yetu, Mnyamwezi mwenzangu. Akaingia kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, kama watani wafanyavyo. Alipotoka akaokota fimbo, akachechemea mbele ya waombolezaji wote... akiniiga mimi. Watu wakavunjika mbavu.

Nami nikacheka. Yule mtu ananichukiza, ndiyo. Lakini kicheko changu cha siku ile ndicho kinachonitia kichefuchefu hadi leo.

Mama Kulwa hakucheka. Aliondoka mapema kwenda kujitwisha dumu la asali, maana sasa ndiye anayeuza, kwa miguu.

Nawasihi, ndugu zangu. Mtani akikuumiza, mchekee msibani ukipenda. Mbele ya askari sema kilichotokea.