Filamu ya Swabra Iliyokataa Kuonekana

Wardah alikuwa na mazoea yake. Akirudi kutoka shule huvua viatu mlangoni, humwamkia Nyanya, hula wali wake uliofunikwa kwa kawa, huosha vyombo, kisha hukimbilia kompyuta kabla Mama hajakumbuka kumtuma dukani. Kompyuta hiyo kuukuu aliinunua Mama kwa ajili ya biashara yake ya keki, lakini aliyeijua ni Wardah. Mama akitaka picha ya keki ya ghorofa tatu, humwita Wardah. Jirani akitaka kuchapishiwa barua, humwita Wardah. Basi msichana huyu wa gredi ya saba akavimba kichwa, akaona kwamba Kisauni nzima hakuna wa kumfundisha jambo.

Kasoro yake ilikuwa moja: hakuwa na subira ya kusoma. Kompyuta ikimletea kisanduku chenye swali, yeye hubonyeza "Ndiyo" na kuendelea, kama mtu anayefukuza nzi. Jana yake alikuwa amepakua programu ya kuchezea muziki, maana alitaka kusikiliza nyimbo za kikundi cha shule. Programu ikamuuliza swali refu. Wardah hakulisoma hata neno la kwanza. Alibonyeza "Ndiyo", nyimbo zikalia, naye akafurahi na kusahau.

Ijumaa hiyo alikuta nyumba imefagiliwa na udi unanukia. Dada yake, Swabra, aliyeolewa wiki iliyopita, alikuwa amekuja kuaga. Kesho yake angesafiri na mumewe kwenda kuishi Lamu. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: aketi kando ya Nyanya watazame pamoja filamu ya kupamba, ile sherehe ya kumtoa bibi harusi aliyepambwa mbele ya wanawake.

Nyanya alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na siku ya harusi alibaki kitandani huku mjukuu wake wa kwanza akipambwa ukumbini bila yeye. Tangu hapo kila mgeni alimuuliza, "Alipendeza?" na kila mgeni alimjibu, "Alipendeza, Bi mkubwa," naye akanyamaza, kwa sababu kuambiwa si kuona.

"Shikamoo Nyanya," Wardah aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu fanya upesi. Mimi leo hata usingizi wa mchana sikulala."

Kitanda cha Nyanya kilikuwa sebuleni. Swabra alikuwa amevaa tena gauni lake la harusi kwa ajili yake, nywele wazi na hina mikononi. Mama, Bi Zubeda, alifunga mlango na kuteremsha pazia. Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Siku ile wageni walivua mabuibui yao ukumbini kwa sababu Mama aliwaahidi kwamba simu hazitaingia, na kwamba hakuna mwanamume atakayeiona filamu. Mpiga picha, mwanamke aitwaye Lynnette, aliihamishia filamu kwenye kompyuta hii siku ya Jumatano, wakaitazama kidogo kuhakikisha ni nzima, kisha akaifuta kwenye kamera yake mbele ya Mama, kama walivyoagana. Nakala nyingine haikuwepo duniani.

"Haya, fundi wetu," Mama alisema. "Tuwekee."

Wardah alibonyeza mara mbili. Ngoma zikalia! Vigelegele vikajaa sebuleni! Swabra akacheka kwa furaha, Mama naye akapiga kigelegele chake kuwaitikia wale wa kwenye filamu. Lakini skrini ilikuwa nyeusi tititi.

Nyanya alikaza macho. Aliyafuta kwa ncha ya leso yake, akatazama tena.

"Wanangu, nasikia ngoma, wala sioni kitu," alisema taratibu. "Ndiyo macho nayo yamekwenda?"

"La, Nyanya, hata sisi hatuoni," Swabra alimjibu haraka, akimshika mkono. "Wardah, fanya kitu!"

Wardah alifunga, akafungua. Nyeusi. Akazima kompyuta, akaiwasha. Sauti safi, picha hakuna. Feni ilikuwa imezimwa ili wasikie vizuri, na joto la sebule iliyofungwa likaanza kuwachoma. Wardah akabonyeza huku na huku kwa hasira, akazidi kutoka jasho. Kila alipoanza upya, vigelegele vililia kama vinamcheka.

"Mbona unakipiga kipanya hivyo? Utakivunja!" Mama alimkaripia.

"Kompyuta yenyewe mbovu, Mama! Imezeeka!"

"Jana ilikuwa nzima ukisikiliza nyimbo zako jioni nzima, leo imezeeka?"

Wardah aliacha kubonyeza. Neno "jana" lilimchoma. Alikumbuka ile programu na lile swali refu. Lakini angesemaje sasa, mbele ya wote waliomwita fundi? Alijiambia kwamba huenda si hiyo.

Mama alimpigia simu Maxwell, fundi wa kompyuta mwenye kibanda pale Kengeleni. Maxwell alifika upesi na mkoba wake begani. Alipogusa mlango tu, Mama alimpigia kelele.

"Hapo hapo, baba! Usiingie. Bibi harusi hakujifunika, na filamu yenyewe si ya kutazamwa na wanaume."

"Sasa Mama Swabra, nitatengeneza kitu sijaona?"

"Kaa kitako hapo barazani. Wardah atakueleza kwa dirishani."

Maxwell aliguna. Alikwisha kukaa pwani miaka mingi na mila za wateja wake alizijua, lakini kutibu mgonjwa kutoka nje ya nyumba hakuwahi. Aliketi barazani, mgongo kwenye dirisha, akitazama barabara.

"Haya. Eleza," alisema.

"Video inalia lakini haionekani," Wardah alisema kupitia pazia.

"Nyeusi yote?"

"Yote."

"Kuna mtu ameweka programu mpya kwa hiyo mashini? Ama amebadilisha kitu?"

Mama alimtazama Wardah. Swabra alimtazama Wardah. Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa neno moja.

"Hapana," Wardah alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna aliyegusa kitu."

Maxwell alivuta pumzi. "Kama hakuna mtu ameguza, basi ni faili yenyewe imeharibika. Sauti imebaki, picha imeenda. Mwambieni mpiga picha awawekee ingine."

"Hana. Aliifuta," Mama alisema.

"Basi ni moja tu. Nipeni hiyo mashini niende nayo kibandani. Niko na vifaa vya kuokoa picha. Lakini lazima nitaangalia filamu, Mama Swabra. Hiyo siwezi kudanganya."

"Haiwezekani," Mama alisema. "Nimewaahidi watu."

"Mama!" Swabra alisimama, gauni likaburutika sakafuni. "Kesho naondoka. Nyanya hajaniona! Nikirudi mwaka kesho nitaolewa tena ili anione?"

"Na wale wenzio waliovua mabuibui kwa neno langu? Niwaambie nini nikikutana nao sokoni Kongowea? Ile ni amana, Swabra."

"Maxwell ni mtu wa heshima."

"Heshima yake siitilii shaka. Lakini mimi sikuahidi kwamba atakayeiona ni mtu wa heshima. Niliahidi kwamba hataiona mwanamume yeyote."

Wakagombana. Mama na bintiye waliokuwa wakikumbatiana tangu asubuhi sasa walirushiana maneno, mmoja akilia na mwingine akifoka. Nyanya alijaribu kuwanyamazisha, hawakumsikia. Mwishowe aligeuza uso wake ukutani.

"Basi wanangu," alisema. "Msigombane kwa ajili yangu. Sikuwa na riziki ya kuona."

Maneno hayo yalimshinda Mama nguvu. Alikaa kitako sakafuni kwa muda, kisha akasimama, akaanza kuchomoa nyaya za kompyuta moja moja. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Chukua buibui ujifunike," alimwambia Swabra. "Nitampa. Wallahi sijapata kuvunja neno langu na watu, lakini siwezi kumwona mama yangu hivi. Mungu atanisamehe."

Aliikumbatia kompyuta kifuani na kuanza kwenda mlangoni. Wardah alimwona akisita, akipangusa machozi kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, kisha akiendelea. Mama, anayerudisha hadi sahani ya jirani ikiwa na kitu ndani, anakwenda kuvunja ahadi. Na sababu ni "hapana" ya Wardah.

"Mama, ngoja!" Wardah alimkimbilia akazuia mlango. "Usimpe. Faili haikuharibika. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Jana niliweka programu ya muziki. Iliniuliza swali, nikabonyeza 'Ndiyo' bila kusoma. Naona ndiyo hiyo inayofungua filamu. Niliogopa kusema."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Wardah alitamani apigwe kofi yaishe. Mama hakumpiga. Aliirudisha kompyuta mezani na kuunganisha nyaya moja moja.

"Mwambie Maxwell," hatimaye alisema. "Kwa sauti, asikie vizuri."

Wardah alirudi dirishani akasema yote. Nje, Maxwell alipiga paja lake.

"Ningekuwa daktari, saa hii ningekuwa nimekata mtu mguu na yeye ni kidole kinamuuma! Sawa. Sasa sikiza. Programu ya muziki iko na masikio, macho haina. Wewe uliipatia ruhusa ifungue kila kitu, mpaka video. Tunataka kuirudishia programu ya video kazi yake. Umeona faili?"

"Nimeiona."

"Weka kishale juu yake. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, mara moja. Halafu uniambie unaona nini."

Orodha ndefu ilitokea. Mkono wa Wardah, kwa mazoea yake, ukabonyeza neno la juu. Vigelegele vikalia tena gizani.

"Nimesema uniambie unaona nini, sio ubonyeze!" Maxwell aling'aka. "Mimi macho yangu ni wewe. Ukibonyeza bila kusoma, sisi wawili ni vipofu."

Wardah alifunga, masikio yakiwaka moto kwa aibu. Alianza upya. Safari hii aliuweka mkono wake wa kulia mapajani, akasoma kwa sauti neno baada ya neno, kama mtoto wa gredi ya kwanza.

"'Fungua.' 'Fungua kwa.' 'Nakili'..."

"Rudi nyuma. 'Fungua kwa.' Hiyo."

"Imeleta programu. Ya kwanza ni ile yangu ya muziki. Chini kuna 'Chagua programu nyingine'."

"Chagua hiyo. Tafuta ile ya video mlikuwa mnatumia zamani."

"Ipo. Na chini kabisa kuna kisanduku kidogo."

"Kinasema nini? Soma yote."

"'Tumia programu hii kila mara kufungua faili za aina hii.'"

"Maana yake?"

Wardah alifikiri. "Nikiweka alama hapo, kila video itafunguliwa na programu hii, wala si ile ya muziki. Hata kesho."

"Jana uliulizwa swali kama hilo hilo. Weka alama. Sasa bonyeza 'Sawa'."

Wardah alibonyeza. Skrini ilikaa nyeusi kidogo, na Swabra akafumba macho. Kisha taa za ukumbi zikawaka kwenye skrini, nyekundu na za dhahabu, na safu za wanawake waliopendeza wakageuka wote kutazama mlango.

"Haya njooni!" Mama alisema kwa kishindo, akamwinua Nyanya na kumwegemeza kwa mito. Swabra alijipenyeza kando yake. Kwenye skrini, Swabra mwingine aliingia polepole, mikono ya hina imeshika shada la asumini. Nyanya alisogeza uso karibu. Alimtazama wa kwenye skrini, akamgeukia wa kando yake, akampapasa shavu, akatazama tena.

Wardah alisimama pembeni, hakuthubutu kuketi. Mama alimvuta hadi jikoni.

"Kubonyeza vibaya si kitu, Wardah," alisema. "Hata mimi huunguza keki. Lakini leo uliniacha nikaibeba amana ya watu mpaka mlangoni, na wewe unajua ugonjwa uko wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema kosa likiwa bado dogo. Uongo wako ulikuwa karibu kunigharimu kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukitengeneza."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ile programu utaiondoa, na kompyuta huigusi mpaka nikwambie. Sasa mpelekee Maxwell chai, umuombe radhi."

Maxwell bado alikuwa barazani, mgongo wake kwenye dirisha, akisikiliza ngoma na kutikisa mguu. Wardah alimpa kikombe kwa mikono miwili.

"Nisamehe, fundi. Nilikudanganya."

Maxwell alikunywa funda moja. "Nikiuliza 'nani ameguza', mimi sitafuti mtu wa kuchapa," alisema. "Natafuta mahali pa kuanzia. Mtu akinidanganya, naanza mahali sipo, na kazi ya dakika inakuwa hasara. Ukikua utakuwa fundi mzuri. Lakini uwe wa ukweli kwanza."

Wardah aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Kutoka ndani sauti ya Nyanya iliita, yenye nguvu kuliko alivyoisikia tangu ajali.

"Wardah! We Wardah! Njoo uirudishe mwanzo. Nataka kumwona tena mwanangu akiingia."

"Abee, Nyanya!" Wardah aliitika, akamtazama Mama mlangoni. Mama akampisha.