Mji Wenye Kiu Waomba Kuwa Makao Makuu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipanga foleni kisimani, akipiga domo mpaka zamu yake ifike. Majirani ndio waliompa jina hilo; walisema hata usingizini kinywa chake hakina likizo. Lakini leo alikuwa kimya, akihamisha ndoo mkono huu mpaka ule.

"Vipi, umemeza ulimi?" rafiki yake Kibonge akamtania.

"Niache bwana. Leo ndiyo siku ya wageni."

Siku hiyo tume ilikuwa inakuja kuchagua makao makuu ya mkoa mpya: mji wao au mji jirani. Ukichaguliwa wao, hospitali itapanuliwa, na shangazi yake, muuguzi, hatalaza tena akina mama wajawazito wawili kitanda kimoja. Na nani aliteuliwa kuwaambia wageni kwa nini mji unafaa? Chiriku.

Kilichomkosesha raha ni sentensi moja aliyokaririshwa: "Mji wetu una maji ya kutosha mwaka mzima." Alipofika shuleni, alikuta lori likijaza tangi. Bomba lililokauka tangu muhula uliopita sasa lilimwaga maji kwa mbwembwe.

"Shikamoo, mwalimu. Ile sentensi ya maji..."

"Marahaba. Iseme hivyo hivyo, mwanangu," mwalimu mkuu alijibu, akijifuta jasho. "Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapelekwi jikoni."

Wageni walipoketi, Chiriku alisimama. Alisifu barabara, akasifu soko. Alipofika kwenye maji, ulimi ukagoma.

"Endelea, binti," alisema mwenyekiti wa tume, mama wa makamo mwenye miwani.

"Maji... hayatutoshi, mama. Haya yameletwa na lori asubuhi."

Mwalimu mkuu alikohoa kama aliyekwamwa na mwiba. Nyuma mtu akanong'ona, "Ametumaliza!"

"Hayatutoshi kwa sababu hatuyanywi peke yetu," Chiriku akaendelea, sasa mbio mbio. "Wagonjwa wa vijiji vyote wanaletwa hapa. Wenye mazao wanauzia hapa. Hata akina mama wa mji jirani wanajifungulia hapa. Shangazi yangu ndiye anayewapokea. Wote wanakunywa, wote wanaoga. Kazi ya makao makuu tunaifanya tayari. Tunaomba tupewe na bomba lake!"

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani.

"Kule kwa jirani tulionyeshwa bomba linalotiririka," alisema. "Tulipofungua la pili, likatupulizia upepo. Wewe umeturahisishia kazi."

Zikafuata wiki za kusubiri. Kila redio ilipokohoa, mji mzima ulitega sikio. Hatimaye ikatangazwa: makao makuu ni hapa, na mradi wa kwanza ni maji.

Siku mafundi walipoanza kuchimba mtaro nje ya shule, mwalimu mkuu aliwakusanya wanafunzi.

"Mimi mtu mzima nilidhani aibu ni kukosa maji," alisema. "Wanangu, anayeomba msaada huku akificha shida yake hupewa asichokihitaji. Kama Chiriku angenitii siku ile, leo mafundi hawa wangekuwa wanatujengea sanamu."