Diski ya Maricel

Rafiki yangu Osniel hufufua diski za kompyuta zilizokufa, katika chumba kisicho na dirisha huko Santiago de Cuba. Adhuhuri moja Reinerio, mgane wa mwimbaji Maricel, alimletea diski iliyobondeka.

"Ilianguka kutoka kabatini, kaka."

"Kabati lako linashika nyundo?" Osniel alicheka.

Reinerio aliinamisha kichwa. "Nilimkataza kuimba, hakusikia. Nikaivunja hii, yenye nyimbo zake zote, mbele ya macho yake. Sasa amekufa, na sina hata wimbo mmoja. Nirudishie sauti yake tu."

Osniel aliifungua, akaipachika kisomeo, kile kijikono kinachosoma data, alichokitoa kwenye diski nyingine, akaiunganisha na kompyuta. Tik, tik, tik; kisha ikazunguka. Mara umeme ukakatika, kama ilivyo kawaida ya mji ule. Kompyuta ikazimika. Diski haikuzimika. Gizani Maricel akaimba, taratibu, karibu sana, wimbo mzima.

"Nisamehe, mke wangu," Reinerio alilia. "Nisame..."

Sauti ikamkatika katikati ya neno.

Umeme uliporudi, Reinerio alikuwa kinywa wazi, midomo ikicheza bila sauti. Kilio chake kilitoka mezani, ndani ya diski. Osniel akachomoa waya. Kilio kikaendelea.