Kaeni Tu, Hatuna Haraka

Nyumba ya Mnyuzi ilinunuliwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika ofisi ya kijiji yenye benchi moja bovu, na siku ile haikuwa na dalili yoyote mbaya isipokuwa hilo benchi.

Mnunuzi alikuwa Kaleb, dereva mstaafu wa malori, mtu aliyelala Tunduma, Lubumbashi na Kigali mara nyingi kuliko alivyolala kwake. Mwenyewe alipenda kusema kwamba miaka thelathini ya barabara ilimfundisha lugha sita, na katika zote sita alichojua ni kuuliza choo kiko wapi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, kitambi cha heshima, na mke mmoja, Lea, Mshambaa mwenzake wa kule Bumbuli, aliyechoka kumsubiri. Nyumba ile aliinunua kwa ajili ya Lea. Alikuwa amemwahidi: tutazeeka tukionana.

Muuzaji alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa miaka sabini na kitu, amekuja na mkewe Bibi Tatu na mtoto wao Jabiri kama shahidi. Wakasaini. Bibi Tatu hakujua kuandika, akapewa wino aweke dole gumba. Akalikandamiza kwenye karatasi, akakandamiza, akaendelea kukandamiza, mpaka mwenyekiti akamshika mkono.

"Inatosha, bibi. Limeshagusa."

"Limegusa?" akauliza Bibi Tatu, akiliangalia dole lake kama la mtu mwingine.

Kaleb, ambaye hawezi kukaa na ukimya hata wa kanisani, akasema lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angemwambia mzee anayehama. "Mzee wangu, msihame kwa kukimbia. Kaeni tu mpaka mtakapokuwa tayari. Sisi hatuna haraka."

Jibu la maneno hayo linajulikana: Mungu akubariki, mwanangu. Mzee Mhina hakulitoa. Alimtazama Kaleb kama unavyomtazama mtu anayekalia kiti ambacho wewe unajua kimevunjika mguu. Kisha akamtazama mkewe, akachukua fimbo yake, wakatoka. Hata soda walizonunuliwa waliziacha nusu.

Alhamisi, Kaleb na Lea walifika na mizigo yao. Nyumba kubwa ilikuwa tupu, imefagiwa. Lakini kule uani, kwenye chumba kilichopakana na jiko, wazee walikuwepo, wamekaa kwenye mkeka.

"Karibuni," akasema Mzee Mhina.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," wakaamkia wote wawili, na Kaleb akacheka peke yake. Ndiyo mara ya kwanza, alisema, kukaribishwa kwenye nyumba ambayo risiti yake iko mfukoni mwake.

Kesho yake alfajiri Lea alitoka na mkaa wake na kiberiti kipya. Bibi Tatu alikuwa ameshawasha.

"Mwanangu, utawasha moto wa nini na moto upo? Chukua hapa kwangu."

Lea ni mtoto wa milimani. Kwao mtoto wa kike hutumwa na kigae kuomba kaa la moto kwa jirani kabla hajajua kusema jina lake vizuri, na kukataa moto wa mama mtu mzima ni kama kumtemea mate. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Kiberiti kikabaki juu ya dirisha. Asubuhi iliyofuata ikawa vilevile. Na ile nyingine. Njiti hata moja haikuwahi kuwashwa katika nyumba ile.

Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Kaleb hakuwa na wasiwasi. Mtu aliyelala chini ya lori mpakani siku kumi na moja, akisubiri muhuri wa afisa aliyekwenda harusini, hawezi kusumbuliwa na wazee wawili. Isitoshe hawakuwa na usumbufu. Hawakuomba chumvi. Hawakukohoa. Sufuria yao ilichemka mchana kutwa, na siku moja Kaleb alipochungulia, kwa umbea tu, aliona maji. Maji matupu, yanachemka.

"Mzee, mipango ya safari inaendaje?" aliuliza mara moja, kwa adabu zote.

"Tupo, mwanangu," akasema Mzee Mhina. "Karibu."

Akajikuta amejibu, "Ahsante."

Jirani yao, Filomena, mama wa watoto watatu aliyelima bustani ya mchicha ng'ambo ya uzio, alimsikia. "Baba Upendo, unaongea na nani huko nyuma?"

"Na wapangaji wangu wasiolipa."

Filomena akacheka mpaka akashika jembe. "Wewe mzee wewe! Nyumba nzima mko wawili, lakini maneno yako yanatosha watu kumi."

Kaleb naye akacheka. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mtu wa utani. Siku ukisema kweli unapigiwa makofi.

Ganzi ilianza mwezi wa tatu.

Kwanza kwa Lea. Aliipua sufuria ya maharage bila kitambaa, akaibeba kutoka jikoni mpaka sebuleni, akaiweka mezani taratibu. Kaleb alisubiri kelele. Hakuna. "Mama Upendo, mikono yako!" Lea akaigeuza, akaitazama. Haikuwa na lengelenge wala wekundu. "Haijanifanya kitu," akasema, akakaa kula.

Kisha ikaingia kwingine, ndani zaidi. Waliacha kugombana, wakaacha na kupatana. Kaleb alitoa vichekesho vyake vya Lubumbashi, ambavyo Lea alikuwa amevisikia mara mia na bado humrushia kandambili kila anapovisikia. Sasa alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. Kandambili zilibaki miguuni.

Upendo, binti yao wa pekee, akapiga simu kutoka Arusha. Amejifungua mtoto wa kiume. Alikuwa analia, anacheka, anamtaka mama yake aje. Lea alikuwa amesubiri simu hiyo miaka sita, miaka ya maombi na mimba zilizoharibika. Aliishika simu kwa bega huku akichagua mchele.

"Ni vizuri," akasema. Akampa Kaleb simu, akaendelea kuchagua.

Kaleb alitoka nje, akasimama ukutani. Alitaka kulia. Alijaribu, kwa kweli. Ilikuwa kama kujaribu kupiga chafya iliyokwisha kupita. Alipoangalia chini akaona amekanyaga kaa la moto, la kwenye kigae cha asubuhi, kwa mguu mtupu. Hakujua amelikanyaga tangu lini.

Ndipo akaamua kumtafuta Jabiri. Aje awachukue wazazi wake, kwa wema, bila ugomvi. Simu ya Jabiri haikupatikana, lakini katika hati ya mauziano kwake paliandikwa Kwedizinga. Kaleb akapanda gari mpaka Korogwe, akapanda jingine la Handeni, kisha bodaboda. Saa nane mchana alimkuta Jabiri anatengeneza banda la mbuzi.

"Nimekuja kwa ajili ya wazee," akasema Kaleb.

"Wapo nyuma, baba. Karibu."

Akaenda nyuma. Mzee Mhina alikuwa kivulini, anapukuchua mahindi. Alikuwa amenenepa. Ndevu amenyoa. Alipomwona Kaleb, hakushangaa.

Kaleb alisahau shikamoo. "Mzee, mmefika lini hapa?"

"Jumanne ile ile. Hatukurudi hata kuchukua kuku."

"Lakini mko kwangu."

Mikono ya mzee ikasimama. Aliangalia njiani, akashusha sauti.

"Wana sura zetu?"

Kaleb aliitikia kwa kichwa.

"Sisi tulinunua kwa fundi mmoja wa reli," akanong'ona Mzee Mhina. "Yeye na mama yake. Nikawaambia kama ulivyosema wewe. Kaeni tu. Tukahamia, tukawakuta wamekaa. Miaka tisa, mwanangu. Nilipokwenda Moshi kumtafuta fundi, nilimkuta kwake, ana wajukuu."

"Ni nini wale?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba wakiambiwa wakae, wanakaa. Tulileta waganga wawili, tukaleta na shehe. Wote walikaribishwa."

Bibi Tatu alitoka ndani na kikombe cha chai, amekishika kwa ncha ya khanga. "Angalia, cha moto hicho," alimwambia Kaleb, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeonyesha bangili mpya.

"Mama," akasema Kaleb. "Ganzi ya mkono ilitoka lini?"

"Ijumaa. Ile Ijumaa ya kwanza tulipofika hapa, asubuhi. Nilikuwa naosha vyombo, maji yakaniunguza. Nililia kwa furaha."

Kaleb alihesabu. Yeye na Lea walihamia Mnyuzi Alhamisi. Ijumaa asubuhi Lea alipiga goti, akapokea moto.

"Ulikuwa na ulimi pale ofisini, mzee," akasema polepole. "Ungenikataza."

"Nilikuwa nao," akasema Mzee Mhina. Alikuwa anatazama mahindi. "Na mke wangu alikuwa hajausikia mkono wake miaka tisa."

Jua lilikuwa halijazama alipofika Mnyuzi. Nyumba kubwa ilikuwa wazi. Aliita. Akapita hadi uani.

Lea alikuwa chumba cha nyuma. Amekaa kwenye mkeka, katikati ya wale wawili. Wote watatu walikuwa wameelekea ukutani.

"Mama Upendo, inuka. Tunaondoka."

"Tutaondokaje?" Hakugeuka. "Wenyewe wapo."

Akamshika mkono. Ulikuwa mkavu, mwepesi. Akamvuta. Wale wawili wakageuka, taratibu, kwa pamoja. Ndevu za mzee zilikuwa kama zilivyokuwa siku ya mauziano. Zilikuwa hazijaota hata kidogo.

"Karibu," alisema.

Mwanga wa mlangoni ulimpiga bibi usoni. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kidoti cheusi. Bibi Tatu wa Kwedizinga hakuwa nacho. Asubuhi ile, hata huyu hakuwa nacho.

Lea anacho. Amezaliwa nacho.

Hawakufungasha. Kaleb alimvuta Lea mpaka nje, akafunga lango kwa kufuli, wakalala Korogwe mjini, na huko huko wakapanga vyumba viwili karibu na soko. Vitu vyao vilibaki Mnyuzi. Madalali walimpigia, mmoja akampata mwalimu, Godlisten, kijana mwenye mke na haraka ya kununua. Kaleb alikataa. Nyumba haiuzwi, haipangishwi, haikopeshwi. Alisema hivyo mpaka akaonekana mchoyo, yeye ambaye aliwahi kugawa tairi la akiba katikati ya pori.

Ilikuwa rahisi kusema. Kilichokuwa kigumu ni kumtazama Lea. Upendo alikuja na mtoto, akamweka mapajani mwa bibi yake. Lea akampakata kama anavyopakatwa mzigo wa abiria mwenzako aliyeshuka kununua maji. Mtoto alimtazama, akaanza kulia. Upendo akamtazama baba yake. Baba yake aliangalia pembeni.

Miezi minane ikaenda hivyo. Kaleb alimpikia mkewe, akampozea chakula kwa kumwogopea ulimi, akamsimulia vichekesho. Yeye mwenyewe alikuwa hachekeshwi na kitu, lakini dereva mzuri huendelea kuendesha hata akiwa hana abiria.

Asubuhi moja alimmiminia chai, akageuka kuchukua sukari.

Kikombe kikavunjika.

"Inaunguza!" Lea alikuwa amesimama, ameshika vidole, machozi yanamtiririka. "Baba Upendo, inaunguza! Mbona hukuniambia ni ya moto, mzee mzima huna akili?" Na alikuwa anacheka. Alivua kandambili, akamrushia. Ikampata begani. "Nipe simu. Mjukuu wangu ana meno mangapi? Nipe simu nimsikie!"

Kaleb aliiokota. Safari hii machozi yalikuja kweli. Alilia huku ameshika kandambili.

Simu ikaita. Alidhani ni Upendo. Alikuwa Filomena.

"Baba Upendo, nyie watu wa ajabu! Mnarudi kimyakimya hata jirani hamumwambii? Asubuhi nimeona moshi jikoni kwenu. Mimi na kiberiti changu kimeloa, nikapita pale uzio ulipolala, nikamkuta mama Upendo uani. Kakaa kwenye mkeka. Nimemwomba moto, kanipa bila hiyana."

Nyuma yake Lea alikuwa anapuliza vidole na kuimba kitu cha kanisani.

"Mbona kimya? Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema Kaleb. "Umeshapikia?"

"Zamani! Watoto wameshakunywa uji, wamekwenda shule."

Ulimi alikuwa nao. Lea alikuja akamshika mkono, akauminya, akamnong'oneza akate simu, ampigie mtoto. Vidole vyake vilikuwa vya moto kama vya mtu mwenye homa.

"Siku njema, mama," akasema Kaleb, akakata.

Akampa Lea simu. Lea akaenda nayo dirishani, anabonyeza, anacheka. Kaleb akashusha macho kwenye mkono wake, pale aliposhikwa. Kwenye shati jeupe palikuwa na alama ya vidole vitano, ya masizi na majivu mapya. Katika vyumba vile viwili walikuwa wanapika kwa gesi. Mkaa haukuwahi kuingia.