Cheche Ndani ya Mtoto

Chwa, chwa, chwa. Kabla hakujapambazuka, Bibi alikuwa uani akifua sare ya mwanawe kwenye beseni la peke yake. Mwanawe alikuwa msaidizi katika chumba cha eksirei hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwainua wagonjwa na kuwalaza mezani.

Tangu mjukuu azaliwe, Bibi alimkataza mwanawe, baba wa mtoto, asimshike. "Utamletea mionzi," alisema. Kila jioni baba alimchungulia mtoto mlangoni kama mgeni.

"Mama, mionzi haigandi nguoni."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Bibi alijibu.

Asubuhi hiyo mkuu wa kazi wa baba, mwanamke anayepiga picha za eksirei, alikuja kumwona mtoto. Akaambiwa habari ya beseni. Hakucheka. Alivuta kigoda karibu na jiko.

"Mama, unasikia mkaa unavyorusha cheche?"

"Nasikia."

"Mionzi nayo huhesabiwa hivyo. Mruko mmoja kwa sekunde ni bekereli moja."

"Na joto linalonifikia?"

"Kwa mionzi, lile lililoingia mwilini hupimwa kwa grei. Sasa niambie, pilipili ileile, kiganjani na jichoni, ni sawa?"

"Jichoni utaparamia ukuta."

"Basi siveti hupima madhara: ni mionzi gani, na imegusa kiungo gani. Siveti moja ni kubwa mno, kwa hiyo tunaigawa vipande elfu. Kipande kimoja ni milisiveti. Picha ya kifua ni kama sehemu ya kumi ya kipande hicho. Ardhi na anga hutupa kiasi hicho kwa wiki mbili hivi."

"Na sare?"

"Mashine ile ni kama taa. Ukiizima, mwanga haubaki umejificha kwenye shati. Mionzi mingi huumiza, ndiyo maana tunapima. Mwanao hutoka chumbani kabla sijaiwasha, na beji yake hutuonyesha kiasi anachopata. Ni kidogo sana."

Bibi aliuliza, "Umesema ardhi?"

"Ardhi, chakula, hata miili yetu. Ndani yako, mama, zinaruka cheche maelfu kila sekunde. Mtoto naye ana zake, chache, kwa mwili wake mdogo. Ndivyo tulivyo sote."

Bibi aliinama, akaweka sikio kifuani mwa mjukuu. Alisikia moyo tu, ukienda mbio.

"Hazisikiki," alinong'ona. "Miaka yote hii natembea nazo, wala sikuungua."

Akamwita mwanawe. "Kaa hapa. Mkono chini ya kichwa. Si hivyo, hujabeba mgonjwa."

Baba alimpokea mtoto. Mtoto alipiga mwayo, akalala.

Mgeni aliaga polepole, asimwamshe. Mlangoni akasema, "Na mionzi mingine hutoka kwenye nyota, mama. Nyota za mbali kabisa."

Bibi alitazama juu, kulikokuwa kumekwisha kucha, kisha akamshika mgeni mkono.

"Urudi, mwanangu. Hiyo ya nyota hujanieleza."