Ubishi Juu ya Barasa

Kitabu kilikuwa kimoja, na mikono iliyokishika ilikuwa miwili.

"Boss, achilia," Chemutai alisema bila kumtazama aliyekuwa upande wa pili wa jalada.

"Madam, mimi ndiye nimekishika kwanza."

"Umekishika kwa mkono wenye matope."

Hapo ndipo alipoinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu na gambuti zilizokaukiwa na udongo mwekundu. Uso wake ulikuwa mwembamba, na macho yake yalionekana kama ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Yeye naye alimwona msichana wa miwani ya duara, sweta ya rangi ya haradali na sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka, amekunja uso kama mwalimu.

Mji wa Nakuru ulikuwa umefurika Jumamosi ile. Wauza soksi walipiga kelele, spika ya mhubiri ilishindana na ya muuza dawa ya panya, na mawingu mazito yalikuwa yamelala juu ya mlima Menengai tangu asubuhi. Mama Shiru, aliyekuwa ametandaza vitabu vyake kwenye baraza ya duka lililofungwa, aliwatazama akacheka.

"Watoto wa Barasa hao! Imebaki kopi moja tu. Mnunue pamoja, mmoja asome akimaliza ampe mwenzake."

Barasa alikuwa askari wa wanyamapori aliyeacha kazi na kuwa mtu wa kutangatanga katika riwaya kumi na tisa. Kila kitabu aliingia mji mgeni juu ya lori, akakuta wanyonge wanaonewa, akapigana, akapendwa na mwanamke mmoja, na ukurasa wa mwisho akaondoka. Watu walikuwa wamezaa na kusomesha watoto wakimfuata.

"Wewe unampendea nini?" Chemutai akauliza, kitabu bado mkononi.

"Haulizi ruhusa ya mtu. Akichoka na mahali, anaenda."

"Ndiyo sababu mimi siku hizi namchukia."

"Unamchukia na unang'ang'ania kitabu chake?"

"Nataka kuona kama atarudi kwa yule mwalimu wa kitabu cha tatu. Kile ndicho kilikuwa kitabu. Hivi vingine mwandishi anapika chai kwa majani ya jana."

Kijana alicheka mpaka gambuti zikacheza. "Naitwa Ngigi. Nachimba visima. Soma wewe kwanza, lakini usiniambie mwisho."

"Chemutai. Niko duka la miwani pale kona. Na mwisho unaujua tayari: anapanda lori."

Ndivyo walivyoanza. Mtambo wa kina Ngigi ulihama kila wiki mbili tatu, leo Subukia, kesho Naivasha, na popote ulipokuwa, simu ya Chemutai ililia jioni.

"Msomaji wangu, umefika ukurasa gani?"

"Amepiga watu kumi kwenye kichochoro, hata shati halijachafuka. Ngigi, huyu mtu ana miaka mingapi sasa? Sitini?"

"Barasa hazeeki, babe."

"Kila mtu anazeeka. Hata wewe, na hiyo mikono yako ya matope."

"Mikono hii imekumiss."

"Iende ikaoge kwanza."

Mama Shiru aliwaingiza kwenye kundi la simu la wasomaji, na huko ubishi haukuisha. Mzee Ephantus, karani mstaafu, alishikilia kwamba vitabu vyote baada ya cha saba viliandikwa na mtu mwingine. Dada mmoja wa Njoro alitaka Barasa aoe. Wanaume wakamjibu kwamba akioa wataacha kusoma. Mwingine alilalamika kwamba wanawake wa Barasa wanalia sana na hawana kazi. Chemutai na Ngigi walibishana mbele ya wote, kisha wakapigiana simu pembeni na kucheka hadi salio likaisha. Ngigi akija mjini walikula chipsi kwenye hoteli ndogo yenye madirisha ya mvuke, magoti yakigusana chini ya meza.

Jambo moja tu lilimkera Chemutai. Kila alipomuuliza kwao ni wapi, Ngigi alijibu, "Huku huku," akabadilisha mazungumzo. Alijua tu kwamba mama yake anaishi Gilgil na baba alifariki.

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, Chemutai alimwambia, "Nyumbani wanataka kukuona. Baba amesema Jumapili twende. Mama ameshachagua jogoo."

"Nyumbani ni wapi, kumbe? Hukuwahi kuniambia."

"Ulishawahi kuuliza? Keringet."

Ngigi aliweka kikombe chini taratibu. Mvuke ulipanda kati yao. Baadaye Chemutai angeikumbuka ile nukta ya kimya, lakini wakati ule alidhani ni haya ya mwanamume anayeitwa na wakwe.

"Sawa," Ngigi akasema. "Nitakuja."

Jumapili hiyo Chemutai alivaa gauni la maua madogo la rangi ya zambarau na kilemba cha kufanana nalo, akasimama kwenye steji ya matatu na keki ya kumpelekea mamake kwenye mfuko. Alipiga simu, imezimwa. Alipiga tena. Ukungu ukaondoka, jua dhaifu likatoka, watu wa kanisa wakapita na kurudi. Hatimaye akampigia baba yake na kusema uongo kwamba Ngigi ameugua. Aliporudi chumbani alivua lile gauni, akalala juu ya kitanda bila kukunja blanketi, keki ikabaki mlangoni.

Siku iliyofuata, bado bila neno kutoka kwake, kundini walikuwa wakibishana kama kawaida. Mtu aliuliza: je, Barasa ni shujaa wa aina gani? Vidole vya Chemutai vikaandika kabla moyo haujamzuia.

"Si shujaa. Ni mwoga. Kupigana na majambazi ni rahisi. Kazi ngumu ni kukaa sebuleni na wazazi wa mwanamke na kujibu maswali. Mtu anayekataa kusema kwao ni wapi kuna aibu anayoikimbia. Mwandishi angemuua tu tupumzike."

Watu walituma vicheko. Mzee Ephantus akaandika kwamba huo ndio uchambuzi bora kuwahi kusomwa humo. Kisha ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Ngigi ameondoka kwenye kundi.

Mama Shiru hakupiga simu. Alifunga vitabu vyake mapema akaenda hadi duka la miwani, akamkuta Chemutai anapangusa lenzi ambayo ilikuwa safi.

"Wewe msichana, umemwambia nini yule kijana?"

"Mama, ameniacha stejini kama mzigo. Tulikuwa twende kwetu, na hata simu hakuwasha."

"Kwenu wapi?"

"Keringet."

Mama Shiru alivuta kiti akaketi. "Mungu wangu," akasema. "Na hakukuambia? Mimi nilimjua Ngigi akitoka kambi ya waliofukuzwa makwao, wakati wa vita vya uchaguzi. Elfu mbili na nane. Alikuwa mdogo, anakuja kwangu kusoma bure, amejifunika blanketi ya msaada. Nilimuuliza wametoka wapi. Akaniambia Keringet. Duka la baba yake na kinu chao cha kusaga vilichomwa, kwa kuwa wao si Wakipsigis."

Chemutai aliweka lenzi mezani. Yeye mwaka ule alikuwa msichana wa darasa la tatu. Alikumbuka moshi upande wa sokoni, na mama yake akiwavuta ndani na kufunga mapazia. Alikumbuka pia kwamba shule ilipofunguliwa madawati mengi yalikuwa wazi, na hakuna mwalimu aliyetaja majina yale.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda Mai Mahiu, ambako mtambo wa kina Ngigi ulikuwa wiki ile.

Alimkuta nyuma ya vibanda vya wauza mahindi, mahali malori yanapopumzika kabla ya kupanda ukuta wa bonde. Mtambo ulikuwa umesimama, upepo unapeperusha vumbi jeupe hadi kwenye nyusi za watu. Ngigi alikuwa amekaa juu ya mabomba. Alipomwona hakuinuka.

"Umekuja kuniua, tupumzike?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini? Umesema kweli. Nimekimbia."

"Sikujua, Ngigi."

"Nilifika stejini," akasema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuona na gauni lako la zambarau. Ulikuwa mrembo mpaka nikaona haya. Nikasema nivuke. Kisha kondakta akaita, 'Keringet, Keringet,' na miguu ikakataa. Sikupanga. Ilikataa tu."

Chemutai alikaa kando yake. Lori moja liliunguruma likaanza kupanda mlima, likiacha moshi mweusi.

"Unajua kwa nini nilimpenda Barasa?" Ngigi akaendelea. "Watu kundini wanasema ni ngumi, ni wanawake. Mimi nilikuwa kambini, Baba amelala chini anakohoa, hataki hata kula. Na huyu mtu kwenye kitabu hana nyumba, hana shamba, na halii. Kwa sababu yeye hakufukuzwa. Aliondoka akipenda. Nami nikajiambia, nikiwa mkubwa nitakuwa mtu anayeondoka kwa kupenda kwake."

"Na umekuwa?"

"Nimechoka, Chemu. Kila mtambo ukihama nafunga virago kama mtu mwenye raha. Halafu nakuja kwako naona kiti, meza, kikombe, nataka kukaa."

"Basi kaa."

"Kwa baba yako?"

"Kwangu mimi."

Alimshika mkono, na matope yakahamia kwenye vidole vyake. Ngigi aliinamisha kichwa juu ya bega la sweta ile ya haradali, na wenzake waliokuwa wanakula mahindi wakageuka upande mwingine kwa heshima.

"Nikuoe?" akauliza, sauti ikiwa ndani ya sufi.

"Unauliza au unatishia?"

"Nauliza."

"Ndiyo. Lakini acha nimwambie Baba kwanza."

Alimpigia baba yake kabla hajatoka Mai Mahiu, akisimama kwenye kivuli cha kibanda. Mzee Kiptum alisikiliza hadi mwisho.

"Mtoto wa Muiruri wa kinu?" akauliza.

"Ndiye, Baba. Ulimjua?"

"Nilimjua Muiruri. Nilisagia mahindi kwake miaka mingi." Ng'ombe akalia mbali kwenye simu. "Chemutai, kijana sina neno naye. Lakini usimlete huku."

"Baba!"

"Nisikilize. Pale palipokuwa na kinu kuna watu wanalima sasa. Wakimwona watauliza amefuata nini. Wataanza na yeye, kisha waje kwangu. Mimi ni mzee, nataka kulala nikiwa nimefunga macho yote mawili. Mkioana, oaneni huko mjini. Mama yako na mimi tutashuka, Mungu akipenda."

"Akipenda, au ukipenda wewe?"

Mzee alisema betri inaisha, na wote wawili walijua si kweli.

Chemutai alirudi penye mabomba akamweleza Ngigi kila neno. Hakuficha. Ngigi alisikiliza akichora chini kwa kijiti, mwisho akasema, "Afadhali yeye ameongea. Sasa twende kwa Mama. Lakini akikuuliza umetoka wapi, sema Nakuru. Tafadhali. Hilo jina halitamkwi kwetu."

Walienda Gilgil siku ya manyunyu. Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba viwili, kwenye kipande cha shamba kisichotosha kugeuza mkokoteni. Wangare, mama yake Ngigi, alikuwa sebuleni, shali ya kijivu mabegani, akimenya minji ndani ya sahani ya bati. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, nywele zimefungwa kwa kitambaa cheusi. Alimtazama Chemutai kutoka viatu hadi miwani.

"Karibu, mami. Kaa hapo. Umetoka upande gani?"

Ngigi alikohoa. Chemutai alimtazama yule mama, mikono yake iliyopasuka, macho yake yaliyokuwa yanangoja tu jibu la kawaida, akaona hawezi kuanza kuwa mke wa nyumba ile kwa uongo.

"Keringet, mama."

Ganda la minji lilibaki wazi mkononi mwa Wangare. Mvua ilisikika juu ya mabati. Ngigi aliinuka nusu kutoka kwenye kiti, hajui amshike nani.

"Chamgei," Wangare akasema.

Chemutai alishtuka kusalimiwa kwa lugha ya kwao. "Mising, mama," akaitikia salamu.

Na yule mama akaanza kuongea Kipsigis. Alikiongea chote, bila kutafuta maneno, kama mtu aliyekitumia jana sokoni. Miaka thelathini ya ndoa yake ilikuwa imepita katika lugha ile. Aliuliza kama mvua imekuwa nzuri. Aliuliza kama lile kanisa la mbao lilipata kuta za mawe, na kama plamu bado zinaoza chini kwa wingi kila Desemba. Ngigi alisimama mlangoni, mdomo wazi. Aliwahi kuijua lugha hiyo akicheza na watoto wenzake, na sasa aliambulia neno moja moja.

"Na Cheptanui?" Wangare akauliza. "Yule wa kwaya. Tulikuwa tunapeana chumvi. Siku ile alinifungia mzigo wangu mgongoni, mikono yangu ilikuwa haishiki. Bado yuko?"

"Alifariki mwaka juzi, mama."

Wangare aliinamisha kichwa. Hakulia kwa sauti. Machozi yalidondoka tu kwenye minji, moja baada ya jingine, na hakujisumbua kuyafuta.

"Sikuambiwa," akasema, sasa kwa Kiswahili.

"Hakuna aliyekuwa na namba yako."

"Ni kweli. Nani angekuwa nayo?" Alipumua. "Mwanangu anakupenda, naona jinsi anavyosimama. Mimi sikukatai. Utakula hapa, utalala hapa, utazaa nikubebee. Lakini kule sipandi. Hata kwa harusi, hata kwa mazishi. Usije siku moja ukaniomba."

"Sitakuomba, mama. Na Baba amesema tusipande pia."

"Amesema hivyo?" Wangare alimtazama mwanawe, kisha msichana. "Basi mtakuwa watu wa barabarani, nyinyi wawili. Krismasi mtaenda wapi?"

Ngigi alikuja akaketi chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya mama yake, na Chemutai akashuka kutoka kitini akakaa kando yake. Nje giza la mvua lilikuwa limeufunika mlima wote wa Eburru.

"Alizikwa wapi, Cheptanui?" Wangare akauliza.

"Kwake. Chini kule karibu na mto, penye ua wa michongoma."

Wangare aliitikia kwa kichwa, kama anayepaona. Kisha akaisogeza sahani katikati, wakamenya minji wote watatu.