Shemeji Alipunguza Bei ya Bima, Mume Wangu Akabaki Kitandani

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na minne, na ninauza maziwa hapa Eldoret. Mume wangu, Baba Neema, hatembei tena. Aliyemfikisha hapo si adui... ni ndugu yake wa tumbo moja!

Shemeji Simiyu ni kontrakta. Baba Neema alikuwa fundi wake wa paa, wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Shemeji alipoanza kupata kazi kubwa kubwa, wenye kazi walimtaka awe na bima. Siku aliyoichukua alipitia kwetu, akanywa chai yangu huku akijisifu. Alisema watu wa bima huuliza una wafanyakazi wangapi, unawalipa kiasi gani na wanafanya kazi gani. Wapaka rangi wa chini bei yao ni nafuu, wanaopanda paa ni ghali. Basi akataja wapaka rangi wanne tu! Mafundi wa paa hakuwataja hata mmoja.

"Na mume wangu je?" nikauliza.

"Ai, shemeji, huyu ni damu yangu. Bima ya nini na mimi niko?"

Tukacheka wote. Wajinga sisi!

Siku ya balaa walikuwa wakiezeka ghala la mahindi huko Cheptiret. Mvua ilikuwa imenyesha na mbao zilikuwa zimelowa, lakini shemeji alitaka mabati yaishe siku hiyo. Baba Neema akateleza... Uti wa mgongo ukavunjika. Daktari alisema apasuliwe haraka, na sisi pesa hatukuwa nazo.

Mwenye ghala aliripoti ajali, tukaambiwa afisa wa bima atakuja hospitalini. Hakutajwa, ndiyo, lakini alianguka akiwa kazini, na matumaini yangu yote yakawa hapo. Kumbe shemeji alimtangulia! Alileta mkate na juisi, akakaa kando ya kitanda akalia machozi kabisa. Alisema ukweli ukijulikana bima yake itafutwa, na hata akipata nyingine, kontrakta mwenye ajali hutozwa maradufu. Kampuni ikifa, wazazi kule Bungoma watakula nini? Akaapa atalipia upasuaji yeye mwenyewe.

Afisa alipofika, shemeji alimwambia bila haya, "Huyu si mfanyakazi wangu. Hana kazi. Alikuja kuniomba pesa ya unga, nikashtukia tu amepanda huko juu."

Nilidhani Baba Neema atampinga. Lakini kwao, ndugu mkubwa akishasema mbele ya mgeni, mdogo hamkanushi. Alifunga macho akasema, "Ni kweli. Nilienda kuomba unga." Nilipofungua mdomo, akanifinya mkono. Nikanyamaza!

Kuomba unga! Mwanaume aliyenijengea nyumba kwa mikono yake!

Shemeji hakulipa chochote. Mara cheki ya mwenye ghala imechelewa, mara hashiki simu. Tukauza kishamba chetu cha Chepsaita, lakini upasuaji ulipofanyika daktari alisema tumechelewa. Miguu haitarudi.

Juzi shemeji alikuja, ameshiba na kunenepa. Alisema ameichukua bima upya na bei imeshuka, kwa sababu rekodi yake haina ajali hata moja. Aliyasema hayo kwa furaha, amesimama miguuni pa kitanda! Kisha akaomba nyundo ya Baba Neema na mkanda wake wa misumari, kwa vile hapa nyumbani havina kazi. Baba Neema akaniambia nimpe. Nikampa.

Wasomaji wenzangu, mtu wako akipanda paa, uliza kabla hajapanda: ametajwa kwenye bima, na ametajwa kama nani? Uliza hata kama tajiri wake ni mtoto wa mama yake. Na wewe mke, siku ya kuulizwa, sema! Ufinywe, utukanwe, lakini sema. Mimi niliogopa kumwaibisha mume wangu, sasa namwogesha na kumgeuza kitandani... Na kila asubuhi nikimgeuza ubavu, huniuliza kama Simiyu amepiga simu.